Kabla Hujatia Saini

Mwanangu, nimesikia umeamua kushika mashauri ya majina ya vikoa na mambo ya uendeshaji wa intaneti. Sikukatazi. Kazi ni halali, ada yake si haba, na mawakili wanaoijua huku kwetu bado ni wachache. Ila mimi nimeifanya hadi nimeichoka, kwa hiyo nivumilie nikuusie machache.

Kwanza, usidanganywe na wepesi wake. Tangu ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, ilipopitisha UDRP, sera yake ya kutatua migogoro ya majina ya vikoa, mwaka 1999, mtu anaweza kupokonywa jina la .com bila mahakama kuketi. Hakuna kizimba, wala shahidi wa kuhojiwa. Unapeleka madai kwa barua pepe, tuseme WIPO, Shirika la Miliki Bunifu Duniani, kule Geneva, unalipa dola 1,500 za msuluhishi mmoja, na mlalamikiwa anapewa siku 20 za kujibu. Unatakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba jina linafanana na alama ya biashara ya mteja wako kiasi cha kuwachanganya watu, kwamba aliye nalo hana haki wala maslahi halali juu yake, na kwamba alilisajili na analitumia kwa nia mbaya. Walalamikiwa wengi hawajibu kabisa, na mara nyingi mlalamikaji hushinda. Hapo ndipo ninapokuhofia. Wakili aliyezoea kushinda bila kupingwa huacha kuuliza maswali.

Wewe uliza. Mteja atakuja amefura, aseme, "Wakili, jina letu limeibwa." Mwache amalize, kisha umwombe tarehe mbili: alama yenu mlianza kuitumia lini, na hilo jina la kikoa lilisajiliwa lini? Ziandike juu ya jalada kabla ya jambo jingine lolote. Kama jina limeitangulia alama kwa miaka, nia mbaya utaipata wapi? Mtu hawezi kumvizia asiyekuwapo.

Kisha uliza ni nani alitumwa kulisajili. Mambo haya utayakuta sana: kampuni ilimtuma kijana wa kompyuta, naye akajaza fomu kwa jina lake na barua pepe yake. Wakaja wakakorofishana juu ya malipo, kijana akaondoka na nywila. Sasa bosi anataka umwite mporaji wa majina. Huyo si mporaji, ni mdai. Msuluhishi naye atakwambia huo ni mgogoro wa mkataba, nendeni mahakamani. Mwambie mteja amlipe kijana haki yake, jina lihamishiwe kampuni, na tarehe ya kulihuisha iandikwe mahali ambapo zaidi ya mtu mmoja wanaiona. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na jina likiishia .ke au .tz, usikurupuke na UDRP. Soma kwanza kanuni za nchi yenyewe.

Sikwambii wezi hawapo. Shauri la kwanza kabisa chini ya sera hii lilikuwa la jina worldwrestlingfederation.com. Aliyelisajili alijaribu kuliuza kwa dola 1,000 siku chache tu baadaye, na Januari 2000 akaamriwa alikabidhi. Siku hizi kuna wabaya zaidi: wanabadilisha herufi moja ya jina la kampuni, wanamtumia mhasibu ankara ya uongo, na fedha zinakwenda zisikorudi. Tena tangu Mei 2018, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kutumika, majina ya wasajiliwa wengi yamefichwa, hata hujui unamshtaki nani mpaka shauri liwe limefunguliwa. Watu hao wafuate usiku na mchana, wala usiwaonee huruma.

Lakini jifunze kumtofautisha mwizi na mtu aliyewahi. Uzi Nissan wa North Carolina alilipata jina hilo kwa baba yake. Alisajili nissan.com mwaka 1994 kwa biashara yake ya kompyuta. Mwaka 1999 kampuni ya magari ikamshtaki, ikidai dola milioni 10. Jina alibaki nalo hadi alipofariki mwaka 2020, ila miaka aliyoimaliza mahakamani hakuna aliyemrudishia. Au tazama barcelona.com, lililosajiliwa 1996. Mwaka 2000 halmashauri ya jiji hilo ilishinda chini ya UDRP. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ya Marekani ikasema jina libaki kwa kampuni iliyokuwa nalo. Kwenye karatasi za Geneva mambo yalionekana yamekwisha. Mwenye jina asingekuwa na uwezo wa kwenda mahakamani, yangekuwa yamekwisha kweli.

Sasa nisikilize vizuri. Mwisho wa kila hati ya madai kuna tamko kwamba taarifa zilizomo ni kamili na sahihi kadiri mlalamikaji ajuavyo, na kwamba madai hayakuletwa kwa lengo baya, kama vile kumsumbua mtu. Chini yake hukaa saini, na mara nyingi ni ya wakili. Jopo la wasuluhishi likiona madai yaliletwa ili kumpora mtu jina lake, linaweza kutamka hivyo katika uamuzi. Hakuna faini wala fidia. Lakini uamuzi huchapishwa, mara nyingi ukiwa na jina la wakili au la ofisi yake, na husomwa miaka nenda miaka rudi.

Saini ndiyo inayonileta kwenye la mwisho. Mwaka 2012 waombaji wawili walitaka kuendesha .africa: DotConnectAfrica, na wa Afrika Kusini aliyeungwa mkono na Kamisheni ya Umoja wa Afrika. Mwaka 2015 jopo huru liliona bodi ya ICANN ilikiuka kanuni zake yenyewe kwa jinsi ilivyolishughulikia ombi la DotConnectAfrica. Hata hivyo jina lilikwenda kwa Waafrika Kusini, likaanza kazi 2017, na kesi ikaendelea Los Angeles. Jina la bara zima likajadiliwa California, kwa sababu ICANN ni shirika la California. Na kila mwombaji alikuwa ametia saini kipengele cha kuacha haki ya kuishtaki ICANN mahakamani. Vipengele vya namna hiyo huandikwa katika vikao virefu vyenye kuchosha, na huandikwa na waliohudhuria. Basi hudhuria. Soma rasimu mpaka ukurasa wa mwisho, peleka maoni kwa maandishi kabla muda haujapita, na usiridhike kupigwa picha ukumbini.

Ndiyo hayo, mwanangu. Kabla hujatia saini, hakikisha zile tarehe mbili umeziona kwenye hati kwa macho yako, si kwa kuambiwa. Zikikataa, mrudishie mteja jalada lake pamoja na ada. Atapata wakili mwingine kabla ya jua kuzama, na huenda akashinda. Usimwonee wivu.