Kuweka akiba ya ugonjwa, ni kukosa imani?



Tarehe 6 Aprili 1921, huko Ngombe-Kinsuka, karibu na Nkamba, Papa Simon Kimbangu alimponya mama mgonjwa, wala hakumwomba malipo. Leo, katika Kongo yetu, tangu 2023 serikali imeanza kuzalisha mama bure katika majimbo fulani. Lakini mtu wa kupasuliwa bado anaulizwa feza kwanza, na asiyemaliza deni anazuiwa hospitalini. Mwenye mali analipa na kurudi nyumbani. Je, uzima ni wa wenye mali tu?

Tusimlaumu muuguzi peke yake. Yeye pia anakula, na dawa inanunuliwa. Ubaya ni kumdai mtu siku ile asiyo na nguvu.

Kule Bwamanda, tangu 1986, jamaa zilitoa mchango mdogo kila mwaka, wakati wa kuuza mavuno. Aliyelazwa, sanduku la wote lilimlipia sehemu kubwa.

Wengine wanasema: kulipa mbele ya ugonjwa ni kuuita. Hapana. Yosefu aliweka nafaka miaka saba mbele ya njaa, wala hakumkosea Mungu.

Na mjane asiye na mchango? Hapo ndipo upendo wetu unapimwa. Katika nsinsani tunashindana kutoa kwa ajili ya majengo. Tushindane pia kumtolea mjane, kabla hajaugua. Upendo, Amri, Kazi: si maneno ya mdomo tu.