Simama Nje ya Mlango: Nasaha kwa Mkristo Anayekopesha, Anayekopa na Anayeajiri

Ndugu yangu, ukitaka kujua imani yako imefika wapi, usijipime kwa sauti yako kwenye mapambio ya Jumapili. Angalia Jumatatu unavyomtendea mtu mwenye pesa yako, au yule ambaye wewe una pesa yake. Hapo wengi wetu tunajikwaa, na hapo Maandiko yana mengi ya kutuambia kuliko tunavyozoea kuhubiriwa.

Fungua Kumbukumbu la Torati sura ya 24. Haisomwi sana kanisani, labda kwa sababu ya habari za talaka zilizo mwanzoni mwake. Lakini kuanzia mstari wa 6 inaingia katika maisha ya mtu wa kipato kidogo: jiwe lake la kusagia, vazi lake, ujira wake wa kutwa, masazo anayoachiwa shambani. Mkristo anayekopesha au kuajiri angefaa kuisoma kila mwezi kabla hajafungua daftari.

Anza na mstari wa 10 na wa 11. Umemkopesha jirani, umekwenda kuchukua rehani. Sheria inakuagiza usiingie ndani mwake. Simama nje, akuletee mwenyewe. Anadaiwa, sawa, lakini nyumba bado ni yake, na mkewe na watoto hawapaswi kumwona mtu baki akipekua kabati lao.

Sasa tazama mikopo tunayoiita kausha damu. Siku ya marejesho inajulikana mtaani, uwe Dar es Salaam au Mwanza. Afisa mikopo anafika asubuhi na daftari kwapani, anakaa kwenye benchi la mama lishe katikati ya wateja wa chai, na haondoki. Mama anakoroga uji huku anahesabu noti za elfu moja moja kwenye mkunjo wa kanga. Zikipungua anamwita mwenzake wa genge la jirani amwongezee. Zikikosekana kabisa, siku nyingine inakuja kirikuu kubeba televisheni, godoro na mtungi wa gesi, na wabebaji wanaingia hadi chumbani. Inaniuma kusema kwamba miongoni mwa wenye mitaji hiyo wamo watu tunaosali nao, wanaotoa sadaka nono siku ya mavuno. Kama pesa yako imo humo, soma Nehemia sura ya 5. Nehemia hakuwakemea wakopeshaji akiwa mbali nao. Anasema wazi kwamba yeye, ndugu zake na watumishi wake nao walikuwa wakikopesha, kisha anataka wote waache, na mashamba na nyumba zirudishwe kwa wenyewe siku ileile. Uongozi wa namna hiyo tunauhitaji kwenye ofisi za mikopo. Ukiwa na madaraka pale, badilisha taratibu. Usipoweza, toa pesa yako.

Rudi kwenye mstari wa 6. Jiwe la kusagia haliwekwi rehani, hata lile la juu peke yake, maana bila la juu, la chini halisagi kitu. Anayelichukua amechukua uhai wa mtu. Siku hizi uhai huo ni cherehani ya fundi, pikipiki ya bodaboda, friji ya muuza juisi, simu ya binti anayepokelea oda za keki. Ni pia kadi ya benki ya mwalimu pamoja na namba yake ya siri, ambayo mkopeshaji anaishika ili mshahara ukiingia atoe wa kwanza, na mwenye kutoka jasho apewe kilichosalia. Ukimnyang'anya fundi cherehani umemzuia hata kukulipa wewe. Kama huna budi kushika kitu, shika kile ambacho akikikosa bado atakula.

Mstari wa 16 unakataza baba kuuawa kwa kosa la mwana, au mwana kwa kosa la baba. Unahusu hukumu ya kifo, najua, ila busara yake inafika mpaka kwenye simu zetu. Kuna programu za mikopo zinazochota majina yote uliyohifadhi, na ukichelewa kulipa zinamtumia ujumbe mwajiri wako, mchungaji wako, mama mkwe wako. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kidijitali bila kibali. Hiyo ni kazi ya serikali. Yetu ni ndogo zaidi lakini hakuna atakayetufanyia: ukipokea ujumbe wa namna hiyo kuhusu mwenzako, ufute. Usimpigie mtu kumsimulia. Mkikutana mazoezi ya kwaya, msalimie kama ulivyomsalimia wiki iliyopita.

Na wewe unayedaiwa, sikupi kibali cha kukwepa. Zaburi ya 37, mstari wa 21, inamhesabu anayekopa bila kulipa pamoja na waovu. Usizime simu. Usimtume mtoto mlangoni akaseme baba hayupo, kwa sababu siku atakapokudanganya utakuwa umemfundisha mwenyewe. Mfuate anayekudai kabla ya tarehe, mwambie kati ya hamsini nina ishirini, na siku unayoitaja iwe umeipigia hesabu. Usikope kwa ajili ya sare ya harusi. Kwenye kadi ya mchango usiandike laki moja kwa kuona haya. Andika elfu kumi, na uitoe. Agizo la Yesu juu ya ndiyo na siyo, katika Mathayo 5:37, linaihusu pia kadi ya mchango.

Tukirudi Kumbukumbu la Torati 24, mistari ya 14 na 15 ndiyo inayonikosesha usingizi. Kibarua maskini, awe ndugu au mgeni, alipwe siku hiyohiyo kabla jua halijachwa, kwa kuwa moyo wake umeutegemea ujira huo. Yakobo, katika sura ya 5, anasema ujira uliozuiwa unalia wenyewe, na kilio kinamfikia Bwana. Wengi wetu tukisoma hapo tunawaza matajiri wa viwanda. Mimi namwaza dada wa kazi, aliyepiga pasi joho lako la kwaya usiku, akambeba mwanao mgongoni ibada nzima ili wewe uimbe.

Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Tanzania Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani wa kawaida anayeishi kwa mwajiri. Ni pesa ndogo, na bado zipo nyumba za Wakristo zilizolipa pungufu, au zilizosema "nakutunzia" mpaka binti akaondoka mikono mitupu. Mlipe tarehe moja isiyoyumba. Mtumie kwenye simu yake, kwa jina lake, usipitishie kwa shangazi aliyemleta, labda aombe mwenyewe. Kikombe kikivunjika usimkate. Ale mnachokula, wakati mnaokula, naye awe na siku ya kupumzika ambayo hata wageni wakija haifutwi. Na usimwambie fundi bomba "njoo kesho" wakati pesa unayo mfukoni. Nauli ya kurudi kesho anaitoa wapi? Ukimpunja mtu kisha ukatoa fungu la kumi, sehemu ya fungu hilo ni jasho lake.

Linabaki deni lisilolipika. Katika Mathayo 18 mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000 anamkaba koo mwenzake kwa dinari 100. Tumezoea kuziita dinari hizo pesa ndogo, lakini dinari moja ilikuwa ujira wa kutwa, kwa hiyo mia moja ni zaidi ya miezi mitatu ya kazi. Yesu alijua kusamehe kunagharimu. Basi ukiamua kusamehe, mwambie mtu kwa mdomo wako, kata jina lake daftarini, usimwache akikukwepa njiani miaka mitatu kwa kutojua msimamo wako. Na habari hiyo usiifanye ushuhuda kanisani.

Kama mna kikoba cha jumuiya au cha umoja wa wanawake, msiyaache haya yabaki mazungumzo. Mzunguko mpya unapoanza, kabla ya mkopo wa kwanza kutoka, yaandikeni kwenye katiba: kitendea kazi hakiwekwi rehani, hatuendi kundi zima nyumbani kwa mdaiwa, anayechelewa anazungumza faraghani na mwenyekiti na katibu, na mwenye msiba au mgonjwa anaongezewa mwezi bila faini.