Nafsi ya "Sisi" katika Nyimbo za Halaiki: Mfano wa News of the World

Makala haya yanahoji suala la kimaadili ambalo uhakiki hulipitia kando: je, anayeshiriki wimbo ana deni lolote kwa aliyeutunga? Mfano wetu ni News of the World, albamu ya roki ya bendi ya Queen iliyotoka mwaka 1977. Nyimbo zake mbili za mwanzo, "We Will Rock You" wa Brian May na "We Are the Champions" wa Freddie Mercury, zingali zinavuma viwanjani duniani kote.

Udumifu huo unaelezeka kwanza kwa fani. May alikusudia wasikilizaji wawe waimbaji. Takriban wimbo mzima umejengwa juu ya vishindo viwili vya miguu na kofi moja. Gitaa huingia mwishoni tu. Mtoto wa Kiembeni asiyejua Kiingereza huweza kuudaka mara moja, kwani makofi na miguu si vigeni kwa aliyekulia penye ngoma. Hata hivyo, mdundo pekee hautoshi. Siri kubwa zaidi imo katika nafsi neni, ambayo si "mimi" bali ni "sisi". Kila umati huivaa nafsi hiyo kana kwamba ilishonewa wao.

Hapo ndipo tatizo linapozuka. Kisarufi, "sisi" haibainishi iwapo anayeambiwa yumo ama hayumo. Mombasa ya enzi za beni iliijua vyema hali hii: "sisi" ya Kingi iliwaacha nje Skochi, nao Skochi wakawalipa vivyo hivyo. Kinyume chake, tarehe 13 Julai 1985, uwanjani Wembley, nyimbo hizo mbili ziliimbwa katika tamasha la Live Aid la kuwachangia wenye njaa wa Ethiopia, "sisi" ikapanuka.

Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946, katika familia ya Kiparsi, kwa jina la Farrokh Bulsara. Akafariki mwaka 1991 kutokana na UKIMWI. Mwaka 2006, sherehe iliyopangwa Zanzibar kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe ilifutwa baada ya kundi la Uamsho kuipinga kwa misingi ya dini. Hatudai kwamba waliopinga ndio waliokuwa wakiimba nyimbo zake. Na jamii ina haki ya kujadili inachokiadhimisha. Swali linatuelekea sisi wengine, tunaoimba ushindi wake viwanjani kisha tukanyamaza anapokanwa kwao.

Yamkini mhakiki atatukumbusha hoja ya Roland Barthes ya mwaka 1967 kuhusu kifo cha mwandishi, kwamba maana ya matini haifungwi na maisha ya mtungaji. Katika kufasiri, tunaikubali. Lakini kufasiri ni jambo moja, kujumuika ni jingine. Anayeimba "sisi" hafasiri tu, bali pia anatangaza udugu. Na kumtoa katika udugu huo yule aliyeutamka kwanza ni kula karamu huku mwenye karamu amefungiwa nje.

Kwa hiyo deni lipo. Halitudai kumsifu mtunzi wala kuafiki mwenendo wake, bali kumhesabu kuwa miongoni mwetu. Tangu mwaka 2019 Mji Mkongwe una jumba la makumbusho yake. Hilo ni jema, ila jumba haliwezi kulilipa deni hili kwa niaba ya waimbaji.