Nani Humgeuza Nani? Uongozi wa Mageuzi Chuoni

Uongozi wa mageuzi ni ule ambao kiongozi na wanaoongozwa huinuana, kila upande ukiuvuta mwingine kufikia malengo na maadili ya juu kuliko uliyoanza nayo. Ndivyo Mmarekani James MacGregor Burns alivyoueleza katika kitabu chake cha mwaka 1978, akiutenga na uongozi wa nipe nikupe: kura kwa barabara, mshahara kwa kazi, utii kwa cheo. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Bernard Bass aliichukua dhana hiyo akaitafutia vipimo. Kuwa mfano, kutia hamasa, kuchokoza fikra na kumjali kila mtu kwa hali yake vikawa mambo ya kuhesabiwa kwa dodoso, na kwa dodoso hilo wakuu wengi wa vyuo wamepimwa hadi leo.

Kuna kitu kilidondoka njiani. Kwa Burns, mageuzi ni tendo la kimaadili. Dikteta anayewasha umati si kiongozi hata kidogo, ana nguvu tu. Bass hakujali hilo mwanzoni: aliyegeuza watu kwa ubaya naye aliingia hesabuni. Mwaka 1999, akiwa na Paul Steidlmeier, alijirekebisha na kutenga mageuzi ya kweli na ya bandia kwa kuangalia tabia na nia ya kiongozi. Lakini nia haionekani kwa macho. Makamu Mkuu wa Chuo aweza kuamini kwa moyo mweupe kwamba anawainua wanataaluma, kumbe anawaburuza. Mwanafalsafa Immanuel Kant alikwisha kuonya kwamba binadamu asifanywe chombo tu cha kufikia lengo, na hakuliacha nje lengo zuri.

Chuoni swali hili huuma kuliko kiwandani. Mhadhiri hulipwa ili atie shaka. Kumtaka ayapokee maono ya mkuu wake bila kuyahoji ni kumtaka aiache kazi yake getini. Tena si kila badiliko kubwa ni mageuzi kwa maana ya Burns. Makerere, chuo kikuu cha Uganda, ilipoanza kupokea wanafunzi wa kujilipia miaka ya 1990, idadi ilipanda haraka na sifa zikamiminika kutoka nje. Mwaka 2007 msomi Mahmood Mamdani alionyesha jinsi idara zilivyokuwa zikigombania kozi zenye kuleta ada. Hapo nipe nikupe ilirudi, safari hii imevaa joho.

Mfano wenye mafunzo mengi zaidi uko Dar es Salaam. Chuo Kikuu kilipojitegemea mwaka 1970, Rais Nyerere wa Tanzania akawa Mkuu wa Chuo, na Pius Msekwa, aliyetoka kwenye utendaji wa chama tawala, TANU, akawa Makamu Mkuu. Shabaha ilikuwa mageuzi hasa: msomi aache kujiona bwana mdogo, awe mtumishi wa wakulima waliomsomesha kwa jasho lao. Ni shabaha ambayo Burns angeikubali bila kusita. Kisha Februari 1971 TANU ikatoa Mwongozo, tamko la sera za chama, ambao ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu.

Wanafunzi waliusoma, wakauchukua kama ulivyoandikwa. Rais wa serikali yao, Symonds Akivaga kutoka Kenya, aliukosoa utawala wa chuo kwa barua ya wazi. Julai mwaka huohuo alifukuzwa, na askari wa kutuliza ghasia (FFU) wakiwa na silaha wakamwondoa Mlimani, kwenye kampasi ya chuo. Wenzake waligoma, Mwongozo mkononi.

Watawala walikuwa na hoja yao: taifa changa, fedha haba, na wasomi ambao miaka mitano tu nyuma walikuwa wameandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, ila inahusu nidhamu, na nidhamu hupatikana hata kwa nipe nikupe. Mageuzi yanadai kiongozi naye akubali kuvutwa. Kwa kipimo cha Burns, basi, waliokaribia zaidi uongozi wa mageuzi Mlimani mwaka ule hawakuwa na ofisi katika jengo la utawala: ni wanafunzi, waliowataka wakubwa wao wapande hadi pale maneno yao wenyewe yalipokuwa yamefika.