Kwanza Awe Hai

Wazazi wananiuliza: kijana wetu akisema amechoka kuishi, ni halali tusaidiwe na watu wasio wa imani yetu? Wanaogopa atabadilishwa dini.

Fungua Matendo 16. Mlinzi wa gereza la Filipi ameshachomoa upanga ajiue. Paulo hakumuuliza anaabudu nani. Alipaza sauti kumzuia, habari za wokovu zikafuata baadaye. Maiti haihubiriwi.

Na sisi wa Garissa tunasahau haraka. Makanisa yaliposhambuliwa hapa Julai 1, 2012, viongozi wa Kiislamu walitangaza kwamba vijana wao watasaidia kuyalinda. Lango tulikubali walinde. Mtoto akiumia moyoni, tunamficha jirani yule yule, eti ni aibu!

Wengine waliogopa polisi, na hao siwalaumu. Kifungu cha 226 cha sheria kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Nilisomea biashara, na ubia naujua hivi: kila mtu analeta alicho nacho. Sisi tuna maombi, na tuna akina mama wanaoweza kukesha na kijana. Dawa ziko kwa daktari. Imamu wa hapa Iftin anawajua vijana ambao mimi hawanisikilizi. Msalaba Mwekundu wana simu ya bure, 1199.

Kwa hivyo mtoto akilitamka neno hilo leo, mzazi, usimwache peke yake hata dakika moja. Nipigie, hata saa nane usiku. Nitakuja, na nikihitaji kumwamsha imamu, nitamwamsha.