KIJANA, UPO WAPI SASA HIVI?

Kijana mwenzangu, usiitupe karatasi hii! Najua umeshapewa nyingi, na nyingine umezifungia karanga. Hii isome kwanza mpaka chini, karanga zitasubiri.

Simu inaita. "Oya, uko wapi?" Nawe unajibu haraka, hata mate hujameza: "Nipo Lugalo hapa, nakaribia!" Kumbe upo Boko, umekaa kitandani, kiatu kimoja mguuni na cha pili hujui kilipo. Nje konda anapiga kelele, "Mwenge, Mwenge!" na anayekungoja anasikia kila kitu. Nani hajawahi kufanya hivyo? Tunacheka yanaisha. Hata mimi nilikuwa nacheka, mpaka mwaka 2007.

Mwaka ule nilikuwa msaidizi kwenye gari la kampuni moja ya kusambaza bidhaa madukani. Sabuni, mafuta ya kupikia, viberiti. Njia yetu ilikuwa Barabara ya Bagamoyo: Tegeta, Boko, Bunju, Mapinga, hadi Bagamoyo kwetu. Bosi alipenda mambo ya kisasa. Akatuletea laptopu, ile kompyuta ya kupakata, pamoja na kidude cheusi chenye waya, kinatoshea kiganjani, ambacho tulikiweka juu ya dashibodi karibu na kioo. Kile kidude ni kipokezi cha GPS. Laptopu ilikula umeme kwenye tundu la kuwashia sigara, na mimi niliipakata kutwa nzima kama mtoto mchanga. Washikaji wa kijiweni wakaniita Profesa.

Kazi yake ni hii. Asubuhi unaiambia programu unataka kufika maduka gani. Inakupangia lipi lianze, lipi lifuate, usije ukarudi nyuma bure na kumaliza dizeli. Gari likitembea, kimshale kinatembea kwenye ramani. Ukipita kona uliyotakiwa kukata, haikugombezi wala haikutukani kama dereva wa daladala. Inachukua pale pale ulipo na kukupangia upya.

Kidude kinajuaje ulipo? Huko juu, kilomita kama 20,200 kutoka ardhini, zinazunguka satelaiti za Wamarekani, na zinazohitajika kufanya kazi ni 24 au zaidi. Kila moja imebeba saa ya atomu, nayo inatangaza usiku na mchana: mimi ni fulani, nipo mahali fulani, saa ni hii. Kipokezi kinasikiliza tu. Kinapima tangazo limechukua muda gani njiani, na kwa muda huo kinapata umbali wa satelaiti. Kikizisikia nne, basi, kimeshajua kilipo: nyuzi 6 na zaidi ya nusu kusini mwa Ikweta, nyuzi 39 na ushee mashariki. Hapo ni Boko! Hata uape kwa jina la bibi yako kwamba upo Mapinga, kidude kitasema Boko.

Ila kina sharti moja. Ukikiweka chini ya bati hakipati kitu. Kitoe nje, kione mbingu, ukiache kitulie dakika kadhaa.

(Wapo watumishi waliohubiri kwamba satelaiti hizi ndizo jicho la yule mnyama wa Ufunuo. Mimi sikubaliani nao. Satelaiti ya GPS haikuoni. Inatangaza tu kama redio, na redio haijui nani anaisikiliza jikoni.)

Zamani hata matangazo haya yalikuwa na uongo ndani yake, tena wa makusudi. Jeshi la Marekani liliyavuruga yale yanayopokelewa na raia, ili adui asiweze kulenga sawasawa. Kipokezi cha raia kiliweza kukosea mita kama 100. Hapa kwetu mita 100 ni tofauti kati ya baa na kanisa! Mwezi Mei mwaka 2000 Rais Clinton aliamuru uvurugaji huo ukomeshwe. Satelaiti zikaacha kudanganya. Mimi, miaka saba baadaye, nilikuwa bado naendelea.

Sikiliza sasa. Siku hiyo ilikuwa ya mshahara. Mama alikuwa Bagamoyo na mdogo wangu wa kike, umri wake miaka tisa, ana homa tangu jana yake. Mama akaazima simu ya jirani akanipigia saa nane mchana. "Mwanangu, mtoto hali yake si nzuri. Upo wapi?" Wakati huo hapakuwa na mambo ya kutuma pesa kwa simu, mshahara ulikuwa mfukoni mwangu na gari tunalo. Mimi na dereva tulikuwa Boko, chini ya mwembe, chupa ya pili. Nikamjibu, "Mama, nipo Mapinga, nakaribia. Nisubirini hapo hapo barabarani, tutawapitia."

Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka nimalize ile chupa, halafu twende mbio. Chupa ikazaa chupa.

Tuliondoka Boko jua linazama. Tulipofika pale barabarani hapakuwa na mtu. Wameniambia mama alikaa juu ya jiwe na mtoto mgongoni, kila gari likitokea anasimama. Jirani mwenye baiskeli alipopita mara ya kwanza akamwambia, "Dada, nikupeleke hospitali?" Mama akamjibu, "Ahsante baba, mwanangu yupo Mapinga, anafika sasa hivi." Alipopita mara ya pili giza limeshaingia, na mtoto ameanza degedege. Hapo ndipo mama alipopanda.

Mdogo wangu alipona, Mungu ashukuriwe! Lakini sikio lake la kulia halisikii hadi leo. Ukitaka kuongea naye inabidi uzunguke upande wa pili. Mimi ni kaka yake, nimezunguka upande huo tangu mwaka 2007.

Kesho yake bosi akaniita ofisini. Laptopu ipo mezani, imefunguliwa. Akauliza taratibu, "Kijana, jana mchana mlikuwa wapi?" Nikasema, "Tulikuwa Mapinga, mzee, maduka yalikuwa mengi." Akaigeuza laptopu kunielekea. Nilikuwa sijui kwamba ile programu inachora mstari wa kila ulipopita, na kila nukta ina saa yake. Tuliiacha garini ikiwaka! Mstari ulitoka Tegeta, ukafika Boko, ukawa fundo. Saa nane kasoro dakika tano hadi saa kumi na mbili na nusu, fundo moja chini ya mwembe. Bosi hakupiga kelele. Nilipoteza kazi siku hiyo, na sikumlaumu.

Lakini kilichonivunja si bosi. Ni mama. Nilimwendea hospitali nikijua atanisema kuhusu pombe. Hakugusa pombe. Alisema hivi tu: "Mwanangu, ungeniambia upo Boko, ningepanda baiskeli saa ile ile."

Kijana, umeelewa? Boko si dhambi. Kutoka Boko njia ipo. Aliyekuwa tayari kusaidia alikuwepo, na baiskeli ilikuwepo. Msaada ulizuiwa na sehemu moja ya uongo, mahali ambapo mimi sikuwepo.

Ile programu ukiifungua ina visanduku viwili: unakwenda wapi, na unatoka wapi. Kijana wa mtaani hana shida na cha kwanza. Majuu! Mjengo wa ghorofa! Gari jeusi vioo vyeusi! Shida ipo kwenye kile cha pili. Kaa chini ya bati na kipokezi kimezimwa, andika "Mwenge" wakati upo Boko, uone. Programu haitakataa. Itakuchorea njia safi kabisa ya kuanzia Mwenge, kata kulia, kata kushoto, na haitakusogeza hata hatua moja kutoka kitandani.

Wewe kwenye kisanduku hicho unaandika nini? Unasema, "Mimi bangi nilishaacha," na kete ipo chini ya godoro. Unasema, "Nacheza tu kujifurahisha," na mkeka wa jana umekula ada ya mdogo wako. Dada, unasema upo salama, na kituo cha kupima unakipita kwa upande wa pili wa barabara. Unawaambia nyumbani kijijini kwamba kazi ipo, mambo safi, na wao wanajipanga kukuletea mtoto umsomeshe! Shetani hana haja ya kukuzuia safari. Anakuacha udanganye kuhusu kituo cha kuanzia, halafu analala usingizi.

Tazama Desemba 2011. Mvua ilinyesha Dar es Salaam, bonde la Msimbazi likafurika, watu zaidi ya 40 wakafa. Baadhi ya waliopoteza nyumba Serikali iliwahamishia huku kwetu, Mabwepande. Mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenyeji wa mitaa, wakaingia kwenye kazi iliyoitwa Ramani Huria. Walipita na vipokezi vya GPS, uchochoro kwa uchochoro, mtaro kwa mtaro, wakiweka kwenye ramani kila nyumba ilipo na kuuliza wenyeji maji hufika wapi. Unafikiri mwenyeji aliyejibu "hapa kwangu maji hayafiki" kwa kuona aibu alimsaidia nani? Ramani ya kuokoa watu haichorwi kwa aibu. Na haichorwi kutoka mbali tu, lazima mtu akanyage tope.

Ndiyo maana katika kitabu cha Mwanzo, sura ya tatu, Adamu amejificha vichakani, Mungu anaanza kwa kumuuliza mahali alipo. Unadhani Mungu alikuwa amempoteza? Vichaka vile alivipanda mwenyewe! Aliuliza ili Adamu alitaje lile kichaka kwa kinywa chake. Na yule kijana wa Luka 15, aliyetapanya mali za baba yake, safari yake ya kurudi nyumbani haikuanzia barabarani. Ilianzia pale alipokubali moyoni kwamba yupo kwenye banda la nguruwe na ana njaa. Baba alikuwa anatazama njia inayotoka huko huko bandani.

Nilisema satelaiti haikujui. Inatangaza kwa wote, na ukifa leo itaendelea kutangaza. Yesu hayupo hivyo! Yeye alishuka akakanyaga tope letu kwa miguu, na anakujua kwa jina, na fundo lako la saa nne chini ya mwembe analijua na dakika zake. Hashangai ukilitaja. Anakupangia kutoka hapo.

Basi fanya hivi, usingoje kesho. Toka chini ya bati. Geuza karatasi hii. Nyuma ni nyeupe, tumeiacha makusudi. Usiandike jina lako, wala namba ya simu. Andika mahali ulipo leo, mstari mmoja tu, bila kusogeza hata mita 100. Halafu ilete mbele hapa uwanjani jioni hii wakati wa maombi, au mpe huyu ndugu aliyekupa. Kama kalamu huna, muulize, anayo mfukoni.