Chanzo cha Ugonjwa na Dawa ya Mti

Katika Ipuli, kata ya mji wa Tabora, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Unyamwezi, mtu anayepata maumivu wakati wa kukojoa huweza kuchemshiwa magome au mizizi ya mlundalunda, mti ambao wanasayansi huuita Cassia abbreviata na ambao hutumika pia kutibu tumbo na kichocho, yaani ugonjwa wa minyoo inayopenya ngozi ya mtu aliye majini. Kwa mfumu, ambaye ni mganga na mpiga ramli kwa pamoja, mti peke yake hautoshi, kwa kuwa huuliza pia kwa nini maradhi yamempata huyu na si jirani yake, na jibu hutafutwa kwa mizimu. Waislamu, waliokita mizizi Tabora tangu enzi za misafara ya Bagamoyo na Ujiji, hulijibu swali hilo vingine: dawa ni sababu tu, mponyaji ni Mwenyezi Mungu.

Majibu hayo hayastahili kudharauliwa, maana maabara, inayoweza kumtambua bakteria aitwaye Escherichia coli, ambaye mara nyingi ndiye chanzo cha maambukizi ya njia ya mkojo, haina kipimo cha maana ya mateso. Hata hivyo maana si tiba: maambukizi ya njia ya mkojo na kichocho huweza kufanana kwa dalili ilhali vyanzo vyake ni tofauti kabisa, na hakuna ramli iwezayo kuvitenganisha. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ilimtambua mganga bila kumpa hadubini. Kwa hiyo mjamzito, au yeyote mwenye homa na maumivu ya ubavu, apimwe mkojo katika Hospitali ya Kitete mjini Tabora kabla ya kunywa dawa yoyote ya mti.